Kila Bei Ilipotajwa Nilikuwa Mchangani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinifundisha kazi yote ya plasta akanificha bei. Huo ndio ubaya alionitendea, na nautaja mwanzoni ili asije mtu akadhani ninalia kwa sababu nyingine. Jua sikulilia. Mgongo sikuulilia. Hata vidole vilivyoliwa na saruji mpaka vikawa kama maganda ya mti sikuvililia. Ninalia kwa sababu miaka yote ile, kila bei ilipotaka kutajwa, mimi nilikuwa nimetumwa kuchekecha mchanga.

Ilikuwa hivi. Mwenye nyumba anafika, anatembezwa vyumbani, anaonyeshwa kuta. Shemeji anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari, anaguna. Mwenye nyumba anakohoa kidogo na kusema, "Sasa, fundi, hapo tunazungumzaje?" Papo hapo shemeji ananigeukia.

"Shemeji, hebu nenda kachekeche mchanga."

Nami naenda. Nasimamisha wavu, nachota mchanga kwa koleo, narusha. Mchanga laini unapita, vijiwe vinabaki upande wangu. Nikirudi nakuta wawili hao wanapeana mikono wakicheka, mambo yamekwisha. Sikushuku kitu. Niliona ndivyo kazi ilivyo, kwamba mchanga hutaka kuchekechwa saa ileile ambayo mwenye nyumba anakohoa. Kuna siku nilikuwa nimekwisha kuuchekecha tangu asubuhi, nikamwambia, "Mbona tayari, shemeji." Akanijibu, "Rudia. Mwenye nyumba huyu ni mkorofi." Nikarudia. Plasta ya shemeji ikasifika kwa ulaini, watu wakawa wanasema haina hata kipele.

Nilianza kazi kwake baada ya mume wangu kutoka kwenda kununua betri za redio na kusahau njia ya kurudi. Redio yenyewe alikwenda nayo, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Dada akanipokea kwake. Shemeji hakununa, nampa haki yake. Alisema, "Ndugu hatupwi. Atanisaidia kazini." Nikaanza kwa kubeba maji, nikaja kwenye mchanga, nikaja kwenye kuchanganya. Kisha bega lake la kulia likaanza kumsumbua. Siku moja yuko juu ya jukwaa, mkono ukakataa kupanda. Akanipa mwiko wake akasema, "Hebu tupia hapo wakati mimi napumzika."

Akapumzika. Mpaka leo anapumzika.

Kuanzia hapo kuta zilikuwa zangu. Nilijifunza kuurusha mchanganyiko ukashika badala ya kuniangukia miguuni, kuuvuta kwa ubao mrefu mpaka ukuta ukalala sawa, kushusha timazi kwenye kona kuona kama imenyooka. Nilijifunza dari, ambayo ni kazi ya kutazama juu huku unatemewa mate na nyumba. Shemeji alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha kidole. "Pale. Si hapo, pale." Kazi ikiisha alinipa cha kunipa, dada akaongezea sabuni na kitambaa cha kichwa, basi. Sikuuliza. Mtu anaanzaje kuuliza bei ya mkono wake kwa mwenye nyumba anamolala?

Tulikuja kuachana kwenye ukumbi mmoja wa mikutano. Dari lake lilinitoa jasho la uzee. Mwenye ukumbi alipokuja kuliangalia alitembea huku na huku, shingo nyuma, mdomo wazi, akasema, "Jamani, nani kalipiga hili dari?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, mwiko mkononi, saruji kwenye kope.

"Mimi mwenyewe," akasema shemeji.

"Na huyu mama?"

"Huyu wa kuchekecha."

Yule mwenye ukumbi akanitazama mkono, akatazama uso, akachagua kuyaacha. Mimi nikauosha mwiko, nikauweka kwenye kikapu changu, nikaondoka nao. Shemeji alinifuata mpaka mlangoni, lakini si kwa kubembeleza.

"Unakwenda kujitegemea?"

"Nakwenda."

"Haya. Utarudi. Wavu wako sitampa mtu."

Maneno yale yalinikaa kama mfupa kooni. Tangu siku hiyo sikuwa na hofu nyingine maishani, ila ile moja ya kurudi kwenye wavu ule. Nilipanga chumba cha uani, nikapeleka neno kwa watu niliowafahamu kwamba Mama Mwiko sasa anafanya kazi mwenyewe. Jina hilo walinipa vibarua kwa utani, nami nikaona heri nilitumie kabla hawajanipa lingine.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya fundi baiskeli, mzee mmoja mwenye chumba cha tofali tupu. Akanitembeza, kama wanavyotembezwa mafundi. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nikagonga tena, kwa nguvu, kidole kikauma.

"Unatafuta nini humo ndani?" akauliza mzee.

"Napima."

"Aa. Sasa tunazungumzaje?"

Macho yangu yakazunguka yakitafuta mchanga. Nawaambia kweli, miguu ilikwisha kuanza kuondoka. Nikajikaza. Nikajumlisha kichwani saruji, mchanga, maji ya kununua, na kibarua wa kubeba. Jumla ikatoka, nikaitaja kwa sauti ndogo.

"Nimekubali," akasema mzee, hata kabla sijafunga mdomo.

Hapo ndipo usingizi wangu wa mchana ulipoharibika. Kwa nini amekubali upesi hivyo? Nimemwonea huruma au yeye kanionea huruma? Nilipiga chumba kile vizuri, sikuchakachua hata koleo moja la saruji. Kazi ikaisha, mzee akalipa bila kesi, nikawalipa wote waliotakiwa kulipwa. Nikageuza mfuko wa gauni langu nje na ndani. Mtupu. Nikasema bila shaka nimekosea kuhesabu saruji.

Ya pili, mwenye bucha. Safari hii nikasema sitakubali kuliwa. Nikachukua bei ya aina ile ile, nikaizidisha mara mbili, nikaitaja nikiwa nimekaza uso.

Mwenye bucha aliweka kisu chini ili acheke vizuri. "Mama Mwiko, unanipigia plasta au unanunua nyumba?"

"Ndiyo bei yangu."

"Basi baki nayo, usije ukaidondosha njiani."

Nikaondoka na aibu yangu. Lakini wiki haikuisha, napita pale, namkuta shemeji kakaa kwenye ndoo yake barazani mwa bucha, vibarua wawili wageni wanahangaika na ukuta. Nikamuuliza yule mwenye bucha pembeni, "Kwani yeye kakufanyia nafuu?" Akajikuna shingo. "Nafuu? Hapana, yeye ni ghali zaidi. Ila yeye ana uzoefu." Jamani! Ukuta wenyewe ulikuwa unavimba katikati kama tumbo la mlevi. Nikabaki nimesimama njiani, watu wananipita kushoto na kulia. Niliyetaka kidogo nilikubaliwa nikatoka mtupu. Niliyetaka kingi nilichekwa. Aliyetaka kingi zaidi amepewa, na kazi mbovu juu. Sasa bei ni mnyama gani?

Nikaamua kuuliza wenye kazi zao. Seremala wa mtaani kwetu alisema, "Rahisi. Vifaa vikifika kiasi, wewe taja mara mbili yake." Mwashi akasema seremala ni mwongo, plasta inahesabiwa kwa mfuko wa saruji. Fundi wa rangi akawacheka wote, akasema inahesabiwa kwa ukubwa wa ukuta. Nikamuuliza, "Na madirisha? Dirisha ni tundu, hakuna ukuta pale. Unalitoa?" Akasema unalitoa. Mwashi akarukia, "Hulitoi! Kingo za dirisha zinakula muda kuliko ukuta mzima." Na kweli zinakula, mimi nimezipiga kingo hizo mpaka goti likaota sugu. Fundi wa rangi akasema basi unalitoa halafu unalirudisha. Seremala akaniita pembeni akaninong'oneza, "Waache hao. Wewe angalia geti. Geti la chuma, bei ya chuma. Geti la mbao, bei ya mbao."

"Na asiye na geti?"

Akafikiri. "Huyo omba malipo kabla."

Nilirudi chumbani kichwa kikivuma kama mzinga wa nyuki.

Ndipo ikaja nyumba ya fundi cherehani. Mama huyu alikuwa mjane wa makamo yangu, alikuwa amejenga kwa kushona sare za watu, tofali kwa tofali. Vyumba vitano, ukumbi mdogo na korido. Aliniita nikaone, akaniambia wazi kwamba na shemeji yangu pia ameitwa.

"Nataka bei ya kila mmoja," akasema. "Na sitaki jumla tupu. Nikimshonea mtu gauni namwambia hiki kitambaa, huu uzi, hivi vifungo. Nawe niambie bei yako imetoka wapi."

"Sawa, fundi."

"Usiniite fundi, fundi ni wewe."

"Na wewe fundi."

"Haya, tukiitana hivi hadi jioni plasta itajipiga yenyewe. Ingia ndani."

Kazi ile ilikuwa ya msimu mzima. Nikiipata, nimesimama. Nikiikosa, kodi ya chumba ingenishinda, na njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilielekea nyuma ya nyumba ya dada yangu, ulikoegeshwa wavu. Na ukweli ni kwamba hiyo bei iliyotakiwa kujieleza sikuwa nayo.

Sikugonga ukuta. Nilikuwa nimechoka kugonga. Mbele ya nyumba palikuwa na lundo la kokoto lililobaki wakati wa kumwaga sakafu. Nikajaza kokoto kwenye karai, nikaingia chumba kimoja kimoja. Kusoma sijui, lakini ukuta naujua. Nikashusha timazi. Ukuta ulionyooka, nikaweka kokoto chache chini yake. Ukuta ambao mwashi aliujenga akiwa anawaza mambo yake, wenye mashimo ya kumeza mchanganyiko, nikaongeza. Kokoto zote zilikuwa na thamani moja, na kila moja ilikuwa na maana: hizi saruji, hizi mchanga, hizi maji, hizi za kukodi mbao za jukwaa, hizi za kibarua. Kwenye madirisha nikasita, nikatoa kokoto, nikarudisha, nikatoa, hatimaye nikarudisha moja nikaiacha ikae huko huko. Fundi cherehani alinifuata nyuma, kanga kiunoni, pini mdomoni kwa mazoea.

Tulipomaliza sakafu ilikuwa na vilundo kila kona, kama watoto wamecheza duka wakaitwa kula.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza kilundo kwa kilundo. Nilisema hapa pamepinda, pataharibu saruji. Hapa pazuri, patakuwa rahisi. Hiki cha jukwaa, kwa sababu ya ukumbi. Akawa anaitikia kwa kichwa. Tukafika korido, vilundo vikaisha.

"Na wewe ni kokoto ipi?" akauliza.

"Mimi?"

"Wewe. Hii saruji nimeiona. Kibarua nimemwona. Mwenye mkono yuko wapi?"

Nikageuka nikatazama vyumba vyote, mlango hadi mlango. Nikarudi ndani kama mtu aliyepoteza hereni. Nilipita kwenye vilundo vyote. Sikuwemo. Mchanga ulikuwemo, maji yalikuwemo, mbao za kukodi ambazo zingerudi kwa mwenyewe zilikuwemo. Mimi sikuwemo popote. Nikamkumbuka mzee wa baiskeli na ule mfuko wangu wa gauni niliougeuza. Kumbe saruji sikuikosea.

"Umejisahau?" akasema fundi cherehani.

"Sijui. Nadhani... sikuwa nimewahi kuwemo."

Akatoa pini mdomoni. "Sasa jiweke."

"Niweke ngapi?"

"Ala! Unaniuliza mimi? Nikupangie mimi ninayelipa? Nitakuweka nusu kokoto na utaniambia ahsante." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Mama, si ulifanya kazi miaka yote kwa yule shemeji yako? Alikuwa anakuweka ngapi?"

Nikasema, "Nilikuwa nachekecha mchanga."

Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza. Akanipa nafasi mpaka baada ya wikiendi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada, kokoto mbili tatu bado ziko kiganjani. Nilijisemea njia nzima: huyu mtu alikuwa akinitaja. Kwa kila nyumba alisema jumla, na ndani ya jumla hiyo, mahali fulani, nilikuwemo mimi. Mdomo wake unaijua thamani ya mkono wangu. Duniani hakuna mwingine anayeijua, hata mimi mwenyewe.

Nilimkuta mezani, chai mbele yake, bega lake limefungwa kitambaa. Dada alikuwa anakunja nguo upande wa pili.

"Karibu, shemeji," akasema, na uso wake ukachanua. "Wavu uko nyuma ya nyumba, pale pale ulipouacha."

"Sikuja kwa ajili ya wavu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja."

Nikazipanga kokoto mezani, mbele ya kikombe. "Hii saruji. Hii mchanga. Hii mimi. Ulipokuwa ukiwatajia watu bei, hii uliitaja ngapi?"

Akazitazama kama mtu aliyewekewa mdudu kwenye chai. "Michezo gani hii?"

"Hii, shemeji. Mkono wangu. Ulikuwa unauuza ngapi?"

"Nani kauuza mkono wako? Wewe ulikuwa ndugu, hukuwa kibarua."

"Nyumbani ndugu, sawa. Na mwenye ukumbi je, alilipia undugu? Alilipia dari."

Dada akaacha kukunja. "Lakini si umjibu tu, baba watoto? Ni neno moja."

"Bei haina neno moja," akasema. "Bei inategemea."

"Inategemea nini?" nikauliza.

"Inategemea."

"Geti? Mfuko wa saruji? Madirisha unayatoa au huyatoi?"

"Mbona unanifungulia mahakama? Mimi nimekulisha, nimekulaza, nimekupa mwiko mkononi. Mwiko ule ulitoka nao, nimekudai?"

"Nataka hesabu tu, shemeji. Pesa sijaitaja. Niambie, nikafanye kazi yangu."

Akasogeza kikombe mbali na kokoto. Kisha akamgeukia dada, kwa sauti ile ile ya taratibu ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini, akasema, "Mama, hebu nenda kaangalie jiko."

Dada akainuka. Hakuuliza, miguu ilijua njia. Nikamwona akipita pazia, nikasikia ameshika sufuria, ameiweka. Akatokea tena, akasimama pale pale kwenye pazia, mikono imelegea.

"Jiko halijawashwa," akasema.

Alitutazama mimi na mumewe, kisha akazitazama zile kokoto mezani, na nikaona kwenye uso wake jambo likitafuta pa kukaa. Sijui lilikaa wapi. Dada yangu kaolewa zamani kuliko mimi nilivyojua kuchanganya saruji, na sijui ametumwa kuangalia jiko mara ngapi.

Shemeji akamalizia chai. "Fundi cherehani nitamtajia bei yangu," akasema. "Wewe taja yako. Tutaonana."

Niliondoka. Zile kokoto niliziacha mezani.

Siku zilizofuata sikuweza hata kusuka nywele zangu. Nilikaa kitandani na karai miguuni, najiweka na kujitoa. Nilianza na kibarua. Yeye anabeba, akimwaga anamwaga, akienda kwao amekwenda. Mimi ukuta ukipasuka mwakani nitaitwa mimi. Basi mimi si sawa naye, mimi zaidi. Nikaweka mbili kwa yake moja. Mbona mbili? Nani kasema mbili? Nikaweka tatu. Nikamkumbuka mwenye bucha na kisu chake, nikatoa moja. Nikalikumbuka dari la ukumbi, nikairudisha. Nikajiuliza kama bega bovu la shemeji nalo lilikuwa na kokoto yake, na ukaaji kwenye ndoo, na kidole kinachonyooshwa, "si hapo, pale." Labda kidole ndicho kilikuwa ghali. Labda mimi kweli nilikuwa nusu kokoto, na zilizobaki zote zilikuwa za kidole. Jambo hili linaniumiza kuliko yote, kwamba hata kumchukia sawasawa siwezi, kwa sababu sijui kaniibia kingi au kidogo.

Nilirudi kwa fundi cherehani na tatu, kwa kila moja ya kibarua. Nikazipanga koridoni mbele yake.

"Hizi ni mimi," nikasema.

Akachuchumaa akazitazama. Akahesabu kwa midomo jumla ya nyumba nzima. "Nimekubali," akasema.

Nikakunja uso.

"Nini tena?" akasema.

"Umekubali haraka."

"Yesu wangu! Nikikataa utalia, nikikubali unanuna. Unataka nifanyeje, nizirai?"

"Shemeji alitaja ngapi?"

"Siwezi kukuambia. Bei yako wewe ningemwambia yeye? Ungefurahi?"

"Ningejua niko juu au chini."

"Ndiyo maana sikwambii." Akainuka, akajishika kiuno. "Nitakwambia hili tu. Yeye alikuja, akagonga ukuta, akataja jumla. Nikamwomba anieleze imetoka wapi, akaanza kutazama kulia na kushoto, kama anayetafuta mtu wa kumtuma. Sikuwa na mtu wa kutumwa hapa. Nipo peke yangu na cherehani. Akaondoka."

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye sakafu ile katikati ya kokoto, naye akacheka ingawa hakujua nacheka nini.

Sasa nimekwisha kupiga vyumba vyote na ukumbi, imebaki korido. Kuta zimelala. Kibarua wangu namchekechea mchanga mwenyewe, maana nimezoea, na mtu akija kuulizia bei namwambia kibarua asimame hapo hapo asikie. Yeye husema, "Mama Mwiko, mimi nisikie ya nini?" Namwambia asikie tu. Chumbani nimelipa kodi. Kwenye wavu wa shemeji sijarudi.

Lakini sijatulia. Jana kapita mwalimu mmoja, ana ukuta wa uani, nikamwekea kokoto zangu, akasema bei ni ndogo mno, anashuku nitaweka matope. Jioni kapita mwenye kioski, kwa ukuta kama ule ule, akasema namnyonga. Tatu ile ile. Nimeiweka nne, nimeirudisha tatu, na leo asubuhi nimeamka nikiwa na mbili na nusu, ingawa hata kokoto ya nusu haipo, labda niipasue.

Dada alinitembelea kazini, akaketi kwenye mfuko wa saruji. Akaniambia kokoto zangu shemeji alizitupa nje, kisha jioni akamkuta ameinama uani anazitafuta kwa tochi, akidai ameangusha funguo. Nikamuuliza kama amesema lolote. Akasema hajasema. Nikamuuliza na yeye, je, amewahi kumuuliza mumewe hesabu yake yeye. Akatazama ukuta, akaupapasa kwa kiganja, akasema, "Umetoka laini."

Basi haya ndiyo ninayodai, na ninayemdai ni mume wa dada yangu, mwenye bega bovu na ndoo iliyopinduliwa. Pesa ya miaka ile simdai, ale, imwotee tumboni. Namdai jibu. Kila nyumba aliyotaja bei mimi nikiwa mchangani, aniambie nilikuwa kokoto ngapi. Nyingi au chache, aseme. Hata kama nilikuwa sifuri, aje asimame hapa koridoni, mbele ya fundi cherehani na kibarua wangu, aseme sifuri.